Uliza Inarudi Lini

Msanii akinipigia simu kuhusu mkataba, swali la kwanza huwa lilelile: "Dada, hiki wanachonipa kinatosha?" Simlaumu. Fedha ndiyo sehemu ya mkataba iliyoandikwa kwa tarakimu, na jicho huikimbilia hiyo kabla ya kitu kingine. Ila mimi nimekaa pande zote mbili za meza. Kwa miaka mingi nilikuwa mhariri katika shirika la uchapishaji, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuandaa mikataba ya waandishi. Baadaye nikatoka nikawa mwandishi wa riwaya, halafu wa skripti za filamu, na katikati ya hayo nikajikuta naandika maneno ya nyimbo kwa ajili ya bendi ya marafiki. Siku hizi nikiletewa mkataba, naruka ukurasa wa fedha. Natafuta kwanza panapozungumzia muda, kisha panapozungumzia kuvunjika kwa mkataba, nione kama pameandikwa popote kwamba haki hizi zitarudi kwa mwenyewe, lini, na kwa njia gani.

Mara nyingi hapajaandikwa kitu.

Pale kwenye shirika tulikuwa na fomu moja ya mkataba, imeshapigwa chapa, yenye nafasi tupu za jina la mwandishi, jina la kitabu na kiasi cha malipo ya awali. Kipengele cha haki kilikuwa sentensi moja ndefu: mwandishi anampa mchapishaji haki ya kuchapisha, kutafsiri, kurekebisha, kuigiza, kurekodi na kusambaza kazi hii katika lugha zote, duniani kote, kwa njia zote zinazojulikana sasa na zitakazobuniwa baadaye, kwa muda wote wa hakimiliki. Bosi wangu, mzee mpole aliyewapenda waandishi wake kweli, alinipa maelekezo mapema kabisa: "Wakiomba, mwanangu, wape. Wasipoomba, usiwakumbushe."

Walioomba walikuwa wachache mno. Wengi walirudisha karatasi zikiwa zimesainiwa kila ukurasa, pamoja na barua ya kushukuru. Na yule mmoja mmoja aliyeandika, "Naomba haki za filamu na za tafsiri zibaki kwangu," alikubaliwa bila mjadala, kwa sababu sisi hatukuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuza haki za filamu. Tulizichukua kwa kuwa fomu ilisema tuzichukue, zikalala kabatini. Nimeona riwaya nzuri ikikosa kuigizwa kwa sababu kikundi cha tamthilia kilimwandikia mwandishi, mwandishi akawaelekeza kwetu, na barua yao kwetu haikuwa na meza ya kutua. Haikuwa dhuluma ya mtu mbaya. Ilikuwa uvivu wa fomu, na fomu ina nguvu kuliko mtu mbaya, maana mtu mbaya utamshtukia.

Hebu yapigie hesabu yale maneno "kwa muda wote wa hakimiliki". Mkataba wa Berne, makubaliano ya nchi mbalimbali kuhusu hakimiliki ulioasisiwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, unataka kazi ya fasihi ilindwe angalau kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza ikawa miaka 70. Mwandishi mwenye miaka 30 akisaini leo, na Mungu akamjalia kufika 80, katika nchi ya namna hiyo atakuwa ameiachia kazi yake kwa miaka 120. Hakuna mwenye nyumba mwenye akili timamu anayempangisha mtu kwa miaka 120 akapokea kodi ya awali na ahadi ya kugawiwa kilichobaki, lakini waandishi na wanamuziki tunafanya hivyo na kupiga picha tukitabasamu na kalamu mkononi.

Waliotunga sheria za zamani walilijua hili. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1710, ambayo wengi huiona kuwa mama wa sheria za hakimiliki, ilitoa ulinzi wa miaka 14 kwa kitabu kipya, na ikasema miaka hiyo ikiisha mwandishi akiwa hai, haki zimrudie yeye kwa miaka 14 mingine. Marekani nayo, katika sheria iliyopitishwa mwaka 1976 na kuanza kutumika 1978, iliweka mlango wa namna hiyo: mtunzi aliyegawa haki zake anaweza kuzidai baada ya miaka 35, hata kama alisaini kwamba amezitoa milele. Ni lazima atoe notisi ya maandishi, si chini ya miaka miwili wala si zaidi ya miaka kumi kabla ya tarehe anayoitaka. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2019, uliwataka wanachama wake waweke utaratibu wa mtunzi kuzifuta haki alizotoa ikiwa aliyepewa amezikalia bila kuzitumia.

Mlango huo wa Marekani una kufuli, na kufuli lenyewe ni neno "mwajiriwa". Kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa kuifanya hairudi, kwa sababu kisheria haikuwahi kuwa yako. Victor Miller, aliyeandika skripti ya filamu ya kutisha Friday the 13th ya mwaka 1980, alipotoa notisi ya kudai haki zake, upande wa watayarishaji ulisema alikuwa mwajiriwa. Kesi ilikwenda hadi mahakama ya rufaa, na mwaka 2021 majaji wakaamua kwamba alikuwa mtu huru aliyepewa kazi, kwa hiyo haki za skripti yake ndani ya Marekani ni zake. Miaka 40 na ushee baadaye, ugomvi wote ulikuwa juu ya namna alivyokuwa amefanya kazi na nani alikuwa anamwamuru nini. Tangu niisome kesi hiyo, nikikuta mkataba umeandika kwamba kazi yangu "itahesabiwa kuwa imefanywa kwa ajira" ilhali sina mshahara, sina likizo na natumia kompyuta yangu mwenyewe, naomba maneno hayo yafutwe kabla sijasoma mstari unaofuata.

Hata hivyo, hadithi inayonikaa zaidi moyoni ni ya Solomon Linda. Mwaka 1939, huko Johannesburg, yeye na kikundi chake walirekodi wimbo "Mbube". Haki zake zilipita kwa kampuni ya kurekodi kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukaitwa "The Lion Sleeps Tonight", ukawa mojawapo ya nyimbo zinazojulikana zaidi duniani, na baadaye ukasikika kwenye filamu ya Disney. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye machungu. Mimi navutiwa na kilichofuata. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni na himaya zake, ilikuwa na kipengele kwamba haki alizouza mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Hesabu inaangukia mwaka 1987. Mawakili wa familia walikishika kipengele hicho, kesi ikafunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 wahusika wakafikia makubaliano ambayo yaliwapa warithi malipo. Kilichowapa mabinti wa Linda nguvu ni mstari wa sheria uliosema "zinarudi", ulioandikwa na watu ambao hawakuwahi kulisikia jina lake.

Nchi nyingi hazina mstari kama huo leo. Ndiyo maana ni lazima uuandike mwenyewe ndani ya mkataba wako.

Riwaya yangu ya kwanza niliipeleka kwa mchapishaji mwingine, si kule nilikofanya kazi, na kipengele pekee nilichokishupalia kilikuwa cha kurudi. Zamani mikataba ilisema haki zinarudi kitabu "kikiisha sokoni". Kilikuwa kipimo kizuri enzi za maghala, maana vitabu vikiisha ghalani kila mtu anaona rafu tupu. Sasa kitabu ni faili. Nakala moja ya kielektroniki ikibaki kwenye duka la mtandaoni, mchapishaji anaweza kudai kipo sokoni hadi kiama. Kwa hiyo tuliandika idadi: mauzo yakishuka chini ya nakala kadhaa katika vipindi viwili vya mahesabu vinavyofuatana, naandika barua, na baada ya miezi sita haki zote zimerudi. Mhariri aliyekuwa akijadiliana nami alisita, akasema hakuna mwandishi aliyewahi kumwomba kitu hicho, kisha akakubali. Nilimwamini kabisa, maana mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye kiti chake.

Siku ilifika, nikaandika barua yangu ya ukurasa mmoja, na haki zikarudi. Hapo nikakutana na jambo ambalo hata kule kwenye uhariri sikuwahi kulifikiria. Maneno yalikuwa yangu, lakini kitabu hakikuwa changu. Picha ya jalada ilikuwa ya mchoraji, naye alikuwa amempa leseni mchapishaji, si mimi. Mpangilio wa kurasa ulikuwa wa mchapishaji. Faili la mwisho lililohaririwa halikuwa mikononi mwangu. Nilichokuwa nacho ni muswada wangu wa zamani na nakala iliyochapishwa, ikabidi nikae navyo viwili mezani, mstari kwa mstari, nikihamisha masahihisho yote. Mchoraji alifurahi kuniuzia leseni mpya, tena kwa bei ya kirafiki, kwa sababu alikuwa amebakiza umiliki wa picha yake. Mmiliki mwenzangu, nikamwambia. Siku hizi kipengele changu cha kurudi kina sentensi ya ziada: haki zikirudi, mchapishaji atanikabidhi faili la mwisho, na jalada nitauziwa kwa bei isiyozidi gharama.

Kwenye muziki mambo yana mikunjo zaidi, na hapa nitakawia kidogo.

Kila wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani melodia na maneno. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa, ambayo watu wa studio huiita masta. Mali hizi mbili zinaweza kuwa na wenyewe tofauti kabisa, zinalipwa kwa njia tofauti, na kwa kawaida zinadumu kwa miaka tofauti. Kilichompata mwimbaji wa Marekani Taylor Swift kinaeleweka tu ukishika tofauti hiyo. Masta za albamu zake sita za kwanza zilikuwa za lebo yake ya zamani, yaani kampuni iliyotoa muziki wake, na mwaka 2019 lebo hiyo ikauzwa pamoja na masta hizo. Hakuweza kuzuia. Lakini alikuwa mtunzi wa nyimbo zake, na kile kipindi ambacho mkataba ulimkataza kurekodi upya kilikuwa kinakwisha. Kuanzia mwaka 2021 akaanza kutoa matoleo mapya ya albamu zilezile, yenye masta zake mwenyewe, na mashabiki wakahamia huko. Mwaka 2025 akazinunua zile za awali. Wengi walichukua somo la ujasiri. Mimi nilichukua somo la kusoma kipengele cha kurekodi upya, kwa sababu lebo nazo zilisoma habari hizo, na nimeshakutana na rasimu inayomkataza msanii kurudia wimbo wake kwa miaka mingi kiasi kwamba sauti yake itakuwa imebadilika.

Prince, mwanamuziki mwingine wa Marekani, alipigana vita hivyo mapema. Mwaka 1993 alibadili jina lake kuwa alama isiyotamkika, akawa anapanda jukwaani ameandika "mtumwa" kwa Kiingereza shavuni. Watu walicheka. Mwaka 2014 yeye na lebo ileile walifikia makubaliano yaliyomrudishia umiliki wa masta zake. Ukitazama tarehe utaona jambo: albamu yake ya kwanza ilitoka 1978, na ile miaka 35 ya sheria ya Marekani ilikuwa imeanza kugonga hodi.

Kwa sisi wadogo, umiliki haupotei kwenye vita vya namna hiyo. Unapotea usiku, studio, watu wakiwa na furaha. Wimbo wa kwanza nilioandikia maneno tuliumaliza tukiwa wanne chumbani: mpiga gitaa aliyekuja na melodia, mwimbaji, prodyuza aliyetengeneza mdundo, na mimi. Mwimbaji alikuwa ameshavaa koti aondoke. Prodyuza akavuta droo, akatoa daftari la shule lenye kona zilizokunjika, akafungua ukurasa mpya. Juu akaandika jina la wimbo na tarehe. Chini yake akapiga mistari miwili, akawa na sehemu mbili: "UTUNZI" na "MASTA". Akauliza kila mmoja jina lake la kwenye kitambulisho, si la jukwaani.

"Kaka, sisi si ndugu?" mwimbaji akacheka. "Haya yote ya nini?"

"Ndiyo maana naandika leo," prodyuza akamjibu bila kuinua kichwa, "tukiwa bado ndugu."

Tulibishana kidogo kuhusu asilimia. Mpiga gitaa alitaka kugawana sawa kwa sawa, mimi nikasema melodia ilikuja yote kutoka kwake na apewe zaidi. Tukaandika, tukasaini, kila mtu akapiga picha ukurasa ule kwa simu yake. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, ingawa sidhani kama walikuwa na masta akilini. Baadaye wimbo ulipotakiwa kwa tangazo la biashara, waliotaka kuutumia walihitaji ruhusa ya wenye utunzi wote na mwenye masta ndani ya siku chache, la sivyo wangechukua wimbo mwingine. Picha za ule ukurasa zilitosha kuonyesha nani asaini nini. Bendi nyingine tunayoifahamu haikuwa na daftari. Wawili kati yao walijisajili kila mmoja kwa zaidi ya nusu, jumla ikavuka mia, na mfumo wa kukusanya mirabaha ukafanya kile unachofanya siku zote madai yakigongana: ukashikilia fedha za wote mpaka waelewane. Hawajaelewana.

Na wewe unayenunua biti mtandaoni, soma leseni yake. Nyingi za bei nafuu si za kipekee, yaani mdundo huohuo unauzwa kwa mwingine kesho, na nyingine zina kikomo cha idadi ya kusikilizwa. Wimbo ukilipuka ndipo unapogundua kwamba umevuka kikomo na prodyuza anataka mazungumzo mapya. Hana kosa. Aliandika, wewe hukusoma.

Filamu ni ngumu kuliko zote kwa sababu hakuna anayeitengeneza peke yake. Riwaya yangu ya pili ilitakiwa na kampuni kubwa ya filamu. Walitaka kununua haki zote moja kwa moja. Nilikataa, nikapendekeza nijifunge nao kwa muda: wanalipa kiasi kidogo, wanapata miezi 18 ya kutafuta fedha na kuandaa, wanaweza kuongeza kipindi hicho mara moja tu kwa malipo mengine, na kamera zisipoanza kufanya kazi, haki zote zinarudi kwangu bila mtu kudai fidia. Marafiki waliniona mjinga, maana bei ya kuuza ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Kampuni ile haikufanikiwa kupata fedha, muda ukaisha, na baada ya hapo ikafilisika. Kama ningekuwa nimeuza, riwaya yangu ingeingia kwenye orodha ya mali za kampuni pamoja na viti na kompyuta, akabidhiwe mfilisi aitafutie mnunuzi. Badala yake nilimpa muongozaji mchanga aliyekuwa na timu ndogo na moyo mkubwa, naye akaitengeneza.

Huyo muongozaji ndiye aliyenionyesha upande mwingine. Filamu ilipokamilika na kupata msambazaji, msambazaji aliomba kitu kimoja kabla ya kulipa: mnyororo wa haki. Alitaka karatasi kutoka kwangu kwamba riwaya na skripti ni vyangu na nimempa. Karatasi kutoka kwa waigizaji wote, hata yule anayepita na baiskeli na kusema "habari". Karatasi ya mtunzi wa muziki, ya mhariri, ya mwenye mchoro unaoonekana ukutani sebuleni. Nyingi zilikuwepo. Ila kwenye sherehe ya harusi, katikati ya filamu, watu wanacheza wimbo ambao ruhusa yake ilikuwa ya matamasha ya filamu pekee, kwa miaka miwili. Bei ya ruhusa kamili ilizidi kila kilichobaki kwenye bajeti.

Kubadilisha wimbo si kazi ya kubonyeza. Wahusika walikuwa wanazungumza juu ya muziki, na sauti zao zilinaswa pamoja nao. Nilikaa nyuma ya mhariri wa filamu siku nzima akijaribu nyimbo za watunzi waliokubali bei yetu, akitafuta moja yenye mwendo unaolingana na miguu ya wachezaji. Kila akipata mdundo unaoafiki, bibi harusi anafumbua mdomo kuimba maneno mengine. Mwishowe nusu ya onyesho ilikatwa, na mazungumzo ya muhimu yakarekodiwa upya, bibi harusi akiwa ameipa kamera mgongo. Ni onyesho zuri bado. Lingekuwa zuri zaidi.

Kwenye filamu pia ndipo utakapoahidiwa "asilimia ya faida halisi". Usiitegemee. Mwandishi Art Buchwald alishtaki studio kubwa ya Marekani kuhusu wazo lililozaa filamu ya mwaka 1988 iliyoingiza mamia ya mamilioni ya dola, na studio ikasema mahesabu yake hayaonyeshi faida halisi hata kidogo. Mwaka 1990 jaji aliona sehemu za ile kanuni ya mahesabu kuwa za kidhalimu. Kanuni za namna hiyo hazijafa. Ukiweza, omba sehemu ndogo ya mapato kabla ya makato, au nyongeza ya fedha taslimu filamu ikifika hatua fulani inayoonekana na kila mtu.

Nikiyasema haya, kuna vijana wanaoniona kama nahubiri kwamba kila mtu ajimiliki asilimia mia na kuzikimbia lebo, wachapishaji na studio. La. Mimi nimejichapishia vitabu, najua ladha yake. Unakuwa mwandishi asubuhi, mhasibu mchana na mpakiaji wa vifurushi jioni. Asilimia mia ya kitabu ambacho hakijamfikia msomaji ni hesabu ya kujifurahisha. Tafsiri zangu zote nimemwachia wakala, anakata sehemu yake, na ninalala vizuri, kwa sababu anazijua lugha na wanunuzi nisiowajua. Ila nimemwachia kwa miaka mitatu mitatu, lugha moja moja. Haki za lugha ambayo hajaiuza zinarudi muda ukiisha.

Jambo jipya zaidi kwenye rasimu ninazosomeshwa ni ruhusa ya kutumia maandishi, sauti au sura ya msanii kufundishia mifumo ya akili mnemba. Kwingine inatajwa waziwazi, kwingine inanyemelea chini ya lile fungu la "zitakazobuniwa baadaye". Msimamo wangu ni kulikata hilo fungu zima na kuorodhesha matumizi ninayoyaruhusu, kisha kuandika kwamba mengine yote yanabaki kwangu. Aliyenunua haki ya kuchapisha kitabu amenunua hiyo. Akitaka kitu kipya kesho, simu yangu anayo, na mazungumzo yatakuwa na bei ya kesho.

Kuna nusu ya habari hii ambayo wasanii hawapendi kuizungumzia, nayo ni kifo. Miaka 50 au 70 ya hakimiliki baada yako haitakuwa mikononi mwako. Mshairi mmoja niliyemhariri alifariki bila kuacha maelekezo, haki zikaenda kwa watoto wake wote kwa pamoja. Wanapendana, lakini wametawanyika, na mmoja hajibu barua. Mhariri wa mkusanyiko wa mashairi ya shule aliomba kutumia shairi lake, sheria ikataka saini za wote, miezi ikapita, kitabu kikaenda mtamboni bila yeye. Wosia wangu una ukurasa wa kazi zangu: kila kitabu, kila wimbo na asilimia yangu ndani yake, nani ana leseni ya nini, na mwaka ambao kila moja inakwisha. Mapato yatagawanywa sawa kwa watoto wote, lakini mwenye mamlaka ya kusaini ni mmoja, binti yangu wa kati, maana ndiye pekee nyumbani anayesoma masharti mpaka mwisho kabla ya kubonyeza "nakubali".